Nundu Katika Mbingu ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo mimi ni mgonjwa. Mgonjwa kwa mujibu wa simu niliyompigia katibu muhtasi asubuhi, nikikohoa kabla ya kila neno. Katibu hakunipa pole. Aliuliza kama kikohozi ni cha leo tu au kitaendelea mpaka kesho, ili aandike vizuri.

Sababu ni kikao cha Mkuu. Mkuu wa idara anastaafu mwisho wa mwaka, na kabla hajaondoka atateua mtu wa kuongoza kazi ya kuchora ramani ya anga. Wanaofaa ni wawili. Kuna mimi, niliyeitumikia ramani hii tangu darubini ilipokuwa shimo la msingi lililojaa maji ya mvua. Halafu kuna shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye mimi mwenyewe nilimleta idarani na kumwonyesha choo kiko wapi. Idara nzima humwita Taratibu, kwa kuwa ukimwomba jibu lolote lazima aanze na, "Taratibu, tuangalie tena." Watu wanaona hiyo ni busara. Mimi naona ni uzito wa kichwa.

Wiki iliyopita ramani yetu ilitoka vibaya. Ilijaa mistari kama shuka lililolaliwa na watoto. Mtu itabidi asimame mbele ya Mkuu aeleze. Nimeamua mtu huyo awe Taratibu, peke yake, bila mimi pembeni wa kumwokoa. Nikarudi kulala.

Kulala kwenyewe shida. Mama mkwe amekuja kutibiwa goti na amepewa chumba changu cha kusomea. Mimi nimebakiwa na kona ya meza ya chakula, upande wa chumvi. Alipopita akaniona kitandani, alisema mwanawe, yaani Taratibu, hajawahi kukosa kazi, hata alipougua tetekuwanga. Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Nikajifunika gubigubi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepona. Nimefika idarani mapema nikitarajia kukuta matanga. Hakuna. Taratibu anafuta miwani yake na kutafuna karanga. Nilimuuliza kikao kilikwendaje. Akasema kilikwenda vizuri, tena Mkuu alitoa maelezo ya maana, nikae anieleze. Nikasema sina nafasi ya kukaa. Mtu akikwambia ukae, ujue anataka kukuonyesha alivyokuzidi.

Na ile mistari? Eti Mkuu aliicheka. Alisema ni feni ya kupoozea mitambo, fundi atairekebisha. Mwaka jana mimi nilipompelekea mistari ya namna hiyohiyo, aliniambia niende likizo.

Kwenye kompyuta kubwa nimekuta faili tatu mpya: Mbingu ya Kwanza, Mbingu ya Pili, Mbingu ya Tatu. Bila shaka ni misimu mitatu ya darubini. Nimechukua ya Pili, kwa sababu ya Kwanza Taratibu ameshaifungua na sipendi kuingia mlango ambao yeye ameshapita.

Niandike hapa kazi yetu ni ya nini, maana nyumbani nimechoka kueleza na shajara haipigi miayo. Upo mwanga mkongwe kuliko wote, uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto. Umesafiri mpaka umepoa. Sasa ni mawimbi dhaifu yanayotufikia kutoka kila upande wa anga, na darubini yetu huyaona kama madoadoa, hapa joto kidogo, pale baridi kidogo. Njiani mwanga huo umepita kando ya galaksi, na kando ya maada ambayo jicho haliioni kabisa. Kila kizito ulichokipita kimeuvuta, ukapinda kidogo. Kwa hiyo madoa hayafiki yalivyoondoka. Yamevutika na kusogea, kama maua ya kitambaa cha meza ukiyatazama kupitia kitako cha glasi. Sisi tunapima madoa yalivyopinda, kisha tunarudi nyuma na kuchora kile kilichoyapinda. Hiyo ndiyo ramani. Ni picha ya uzito wote ulioko kati yetu na mwanzo wa kila kitu.

Hakuna kazi nzuri kuliko hii duniani. Na nimepangiwa kuifanya na shemeji.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeona kitu.

Ramani ya Mbingu ya Pili ilimaliza kuchorwa wakati wa chai. Chini kushoto pana nundu, ya duara, nzito, imekaa peke yake kama bibi harusi. Madoa yote yaliyo karibu yamejipinda kuizunguka, kama watu waliozunguka ajali. Katika miaka yangu yote sijaona uzito wa kiasi hicho umekusanyika mahali pamoja. Nikatazama orodha ya galaksi zilizopo upande huo wa anga. Hazitoshi hata robo. Maana yake ni maada isiyoonekana tupu.

Nikaangalia kama Nundu ipo pia katika Mbingu ya Kwanza na ya Tatu. Haipo. Jambo hili lilinisumbua mpaka chai ikaisha. Kisha nikaelewa: misimu hiyo miwili feni ilisumbua, kelele zikaifunika. Mtu asiye na uzoefu angeendelea kusumbuka.

Kanuni zetu zinataka kila kitu kipya kipimwe kwa njia ya pili, si kwa joto la mwanga, bali kwa uelekeo ambao mawimbi yake yanatikisika. Kitu cha kweli huonekana kwa njia zote mbili. Lakini programu ya kipimo hicho ameiandika Taratibu. Kumwomba programu ni kumkaribisha kwenye Nundu, na akishakaribishwa atavuta kiti. Nimeahirisha.

Akaja. Nilitupa koti langu juu ya skrini, nikajifanya nasikia joto. Akasema, "Shemeji, zile mbingu tatu, kuna kitu Mkuu alisema siku ile hukuwepo." Nikamwambia mimi na Mkuu tumeelewana miaka mingi bila mkalimani. Nikampa kazi: vumbi la galaksi yetu limechafua kona ya kaskazini, alisafishe lote, haraka. Ni kazi ya kuchosha mno, isiyo na shukrani. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa. Ila ukiona chochote, usimwambie mtu kabla hatujazungumza."

Umeona? Ameshanusa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya taabu na ya mwangaza.

Jioni nilikuwa kwenye kona yangu upande wa chumvi, naandika taarifa ya Nundu, nikasikia sauti ya Taratibu getini. Amemletea mama yake dawa ya goti. Nikakusanya kompyuta mpakato na karatasi, nikaingia bafuni, nikajifungia. Nilikaa juu ya ndoo niliyoigeuza kifudifudi. Taarifa ya ugunduzi mkubwa wa kizazi hiki imeandikwa juu ya ndoo, bomba likidondosha maji karibu na goti langu. Watakaoandika habari za maisha yangu wasikiruke kipengele hiki.

Nilisumbuka na jina. Kwanza nilifikiri kuiita Nundu kwa jina la marehemu baba, halafu kwa jina la Mkuu, ambayo ingekuwa busara kabla ya uteuzi. Mwisho nikaona haki ni haki. Itaitwa kwa jina langu. Jina langu halisi, si lile la idarani. Idarani wananiita Bado Kidogo, kwa kuwa kila nikiulizwa ramani imefika wapi husema imebaki kidogo. Nililijua jina hilo siku nilipolikuta limeandikwa kwa kalamu ya wino chini ya kikombe changu.

Taratibu aliniulizia. Mke wangu alikuwa bado zamu hospitalini, kwa hiyo akatumwa mama mkwe. Nilisikia mkongojo wake ukija mpaka mlangoni.

"Baba," akasema, "mwanangu anataka kuzungumza na wewe."

Nikasema tumbo linanisumbua.

Akaenda. Akarudi. "Anasema hata kama ni tumbo, nikwambie. Anasema Mkuu ametia uongo kwenye hizo mbingu."

"Ametia nini, mama?"

"Uongo. Ndivyo nilivyosikia."

Nikamshukuru. Nikakaa na neno hilo. Mkuu, mwenye mvi na tuzo ukuta mzima, atie uongo mbinguni? Haiingii akilini. Ndipo nikakumbuka kuwa sikio la kushoto la mama mkwe halifanyi kazi vizuri, na kwamba jana alileta kisu nilipoomba kitabu. Hakuambiwa uongo. Aliambiwa uongozi. Mkuu ameshapanga uongozi. Ameshateua, kimyakimya, kwenye kikao kile ambacho sikuwepo, na aliyeteuliwa amekuja mpaka nyumbani kwangu, amemtuma mama yake mzazi aje kunitangazia mlangoni pa bafu.

Nilibaki juu ya ndoo mpaka alipoondoka. Ganzi ilinipanda mpaka kiunoni. Lakini kichwa kilikuwa cheupe. Kama uteuzi umefanywa kwa siri, unaweza kutenguliwa hadharani. Hakuna Mkuu atakayemnyima ramani mtu ambaye nchi nzima inamjua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimetoka redioni. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi nilisoma naye darasa moja. Zamani aliniibia majibu ya hesabu mara kwa mara, kwa hiyo hakuwa na pa kukwepea.

Nilivaa suti. Yeye alivaa kandambili. Hakuna aliyeniambia kwamba redioni watu huvaa kandambili.

Nilieleza vizuri sana. Nilieleza mwanga mkongwe, madoa, glasi na kitambaa cha meza. Akauliza kama Nundu inaweza kutuangukia. Nikasema iko mbali kiasi kwamba neno mbali halitoshi. Akauliza, sasa kama haionekani, nimeionaje. Swali zuri, nikalijibu kwa kirefu, ikabidi aweke tangazo la magodoro katikati ya jibu langu. Tuliporudi akasoma ujumbe wa msikilizaji aliyetaka kujua kama Nundu ndiyo inayosababisha maumivu ya viungo msimu huu. Nikasema hapana. Mtangazaji akasema, "Basi wataalamu bado wanachunguza." Sikusema hivyo.

Kisha akauliza kazi hii nimeifanya na nani. Nikasema ninao wasaidizi, mmoja wao anajitahidi sana na vumbi.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa karibu na redio. Alisema amesikia yote kwa sikio la kulia, na kwamba hakumsikia mwanawe akitajwa. Nikamwambia ametajwa, kwenye vumbi. Akageuza uso.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Umaarufu. Kinyozi wangu alizima mashine katikati ya kichwa changu ili awaambie wateja wengine mimi ni nani. Mmoja akauliza kama Nundu italeta shida kwenye mtandao wa simu. Jirani wa upande wa pili, ambaye hajanisalimia tangu tulipogombania mtaro wa maji, leo aliinua mkono. Nusu mkono, lakini nimeuona.

Mkuu amepiga simu tangu jana mchana. Sikupokea. Pongezi za kwenye simu hupotea hewani. Nataka anipongeze kesho, mbele ya watu. Kesho kuna mkutano wa idara nzima, na wenzetu wa taasisi dada wataungana nasi kwenye skrini. Tangazo linasema ni mkutano wa kufunua. Kufunua nini hawakusema, lakini baada ya jana nani hajui?

Taratibu naye amepiga. Nimeizima simu kabisa.

Mke wangu alitoka zamu amechoka, akaketi ukingoni mwa kitanda akivua viatu. Akaniuliza kama niliyoyasema redioni mdogo wake anayajua. Nikasema atayajua. Akauliza kama Mkuu anayajua. Nikasema Mkuu atafurahi. Akaweka kiatu kimoja chini. Halafu akasema, "Hospitalini mtu akitoa majibu kabla ya kipimo cha pili, tunamwita pembeni." Nikamwambia ulimwengu si mkojo. Akazima taa, akalala.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Niandike upesi kabla mkono haujakataa.

Nilikaa mstari wa mbele. Nilikuwa na hotuba ya shukrani mfukoni. Mkuu aliingia bila kunitazama, na mimi nikadhani ni unyenyekevu. Akasimama karibu na ukuta wa picha, akazungumza kwa sauti yake ileile ya darasani.

"Jumatatu iliyopita niliwaeleza kwamba mbingu tatu nilizowapa, moja tu ni ya darubini. Mbili nimezitunga kwenye kompyuta. Nilifanya hivyo ili tujipime. Mtu akitamani sana kuona kitu, atakiona. Nilitaka kujua kama tutakaa kimya mpaka leo."

Nilianza kuhesabu mbingu kwa vidole.

"Ya Kwanza ni ya kutungwa, na haina kitu. Ya Tatu ndiyo ya kweli. Ya Pili ni ya kutungwa, na ndani yake niliipanda nundu kwa mkono wangu. Niliiweka kwenye joto la mwanga tu. Kwenye uelekeo wa mawimbi sikuiweka. Yeyote ambaye angeipima kwa njia ya pili angeona haipo."

Kisha mtu wa taasisi dada, ambaye alisahau kwamba sauti yake inasikika, akamwambia mwenzake, "Si ndiyo hiyo ya redioni?" Kwenye skrini watu waliinama. Najua namna watu wanavyoinama kutafuta kalamu, na najua namna wanavyoinama kucheka.

Mkuu hakunitaja. Ningeona afadhali angenitaja. Alisema tu kwamba redio imeomba ufafanuzi, na kwamba ofisi yake itautoa.

Ndipo Taratibu akasimama. Nilijua sasa ananimaliza. Akasema kosa ni lake. Mwenzake alikuwa mgonjwa siku ya kikao, yeye ndiye aliyepewa jukumu la kumfikishia maelezo, na hakuyafikisha. Alisema angepaswa kusisitiza zaidi. Alisema haya akiwa ameshika miwani yake mkononi, macho madogo kama ya mtu aliyetoka usingizini. Mkuu akamuuliza, "Una hakika hukujaribu?" Akajibu, "Sikujaribu vya kutosha."

Watu wakamtazama yeye kwa huruma na mimi kwa namna nyingine. Uungwana kama huo hadharani ni kumvua mtu nguo kisha kumkunjia vizuri.

Halafu Mkuu akamwomba aonyeshe ramani ya Mbingu ya Tatu. Ile ya kweli. Taa zikapunguzwa.

Sitaki kuandika sehemu hii, lakini shajara ni yangu, nitamficha nani? Ilikuwa nzuri. Mistari yote imeondoka. Ule uzito, kwa vilima na mabonde yake, ulitanda ukuta mzima kama ngozi ya maji upepo ukipita. Kona ya kaskazini ilikuwa safi kabisa. Hakuna nundu. Hakuna cha ajabu. Ni ulimwengu wenyewe tu, uliosimama ulivyo, na sisi ndio wa kwanza kuuona hivyo kwa upande huu wa anga. Nilimtafutia kosa kila pembe. Sikupata. Nilikuwa kama mtu anayepita barabarani mbele ya nyumba ambayo msingi wake aliuchimba yeye, na dirishani kuna mtu mwingine anafungua pazia.

Baada ya makofi Mkuu akatangaza. Kiongozi wa ramani ni Taratibu. Kuhusu mimi, alisema uzoefu wangu ni mkubwa na unahitajika sana mahali pamoja. Vumbi. Kuanzia keshokutwa nitasafisha vumbi la galaksi yetu kwenye ramani zote zijazo.

Hotuba ya shukrani niliisahau mfukoni. Mke wangu ataifua pamoja na suruali.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Redio wamesoma ufafanuzi. Sentensi mbili, kisha magodoro. Kinyozi amenitumia ujumbe kuuliza kama Nundu imeondoka yenyewe au imetolewa.

Mke wangu hakwenda kazini. Alinikuta mezani, akasogeza chumvi, akakaa mbele yangu. Nilianza kumweleza njama ya mdogo wake, jinsi alivyonisingizia ugonjwa. Akanikatiza, akasema ugonjwa nilijisingizia mwenyewe, yeye alikuwepo. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Akasema, "Unajua ameitwa nje ya nchi mara mbili kwenda kuongoza? Kazi kubwa kuliko hii. Alikataa zote mbili."

Nikasema sikujua.

"Hukuuliza. Nilimuuliza mimi kwa nini. Akaniambia, 'Dada, shemeji ndiye aliyenileta hapa. Nikiondoka atabaki peke yake, na akiwa peke yake hukimbia mbele ya kazi. Nikiwepo, angalau kuna mtu wa kumwambia asubiri.'"

Mama mkwe alikuwa sebuleni na redio ilikuwa imezimwa. Nadhani alikuwa anasikiliza kwa sikio lile la kulia.

Mke wangu alisema zaidi. Alisema wakati tunaoana nilikuwa nampeleka uani, namwonyesha anga, namweleza mambo mpaka shingo inamuuma, na kwamba siku hizo sikuwahi kutaja mtu mwingine yeyote, wala nani yuko juu ya nani. Alisema hajui yule mtu alikwenda wapi. Hakulia. Wauguzi hawalii, wanatazama tu, kama wanasoma kipimajoto. Akaniambia nimpigie mdogo wake, nimwombe radhi, na jambo liishe. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nikasema nimeelewa.

Na nimeelewa. Kaa chini utafakari. Mtu ameitwa nje mara mbili, akakataa. Kwa nini? Nani hukataa ukubwa? Anayekataa ukubwa wa kwanza na wa pili anangoja wa tatu. Alikuwa hapa muda wote huo, ametulia na karanga zake, ananisubiri nianguke. Na mke wangu, masikini, anaamini ni mapenzi. Sikumwambia. Kuna mambo ambayo mke hatakiwi kubebeshwa kuhusu ndugu yake wa damu.

Nilimpigia Taratibu. Nikasema samahani. Akasema, "Yameisha, shemeji. Mimi nakuhitaji. Hakuna anayelijua lile vumbi kama wewe." Sauti yake ilitetemeka kidogo. Mwigizaji mzuri.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimehamishiwa chumba cha mwisho koridoni, karibu na stoo ya viti vilivyovunjika. Dirisha linatazama ukuta. Katibu muhtasi aliniletea ufunguo, akaniuliza kama kikohozi kimekwisha.

Vumbi si jepesi. Ni chembe za masizi na mchanga zilizotapakaa kati ya nyota za galaksi yetu, na zenyewe zina joto lake, kwa hiyo hung'aa kidogo mbele ya mwanga mkongwe na kuuchafua. Unalipima vumbi, unalichora, unalitoa. Ukilitoa kidogo ramani inabaki chafu, ukilitoa sana unatoa na ulimwengu. Siku ya kwanza niliifanya kazi hii kwa hasira. Jana niliifanya kwa uchovu. Leo, nakiri, nilijisahau. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na sikuwa nimemfikiria mtu yeyote tangu asubuhi. Ilikuwa hali ngeni. Sikuipenda wala sikuichukia.

Taratibu alikuja saa za mchana na viti viwili vizima, akisema vile vya stoo vitaniumiza mgongo. Alikaa kwenye kimoja. Alitazama ramani yangu ya vumbi, akasema kona ile ya kaskazini alipoifanya yeye ilimtoa jasho, na kwamba mimi nimeifanya vizuri zaidi. Kisha akasema, "Ukikuta kitu chochote cha ajabu humu, niite. Tukitazame pamoja kwa njia zote mbili." Nikasema hakuna kitu. Akanigusa bega, akatoka.

Kipo.

Nilikiona kabla hajaingia, nikakipunguza mpaka kikawa kidogo kwenye pembe ya skrini. Katikati ya vumbi, upande wa juu kulia, pana pete. Pete ya duara kamili, nyembamba, yenye joto. Vumbi halichori pete. Vumbi halijui hata bikari ni nini. Kuna mtu anaweza kusema ni alama ya lenzi ya darubini, au uchafu kwenye kioo chake, na kwamba fundi angeulizwa kwanza. Mtu huyo angeitwa Taratibu.

Nimekaa nikaitafakari kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimepitia makosa yangu yote ya wiki iliyopita, moja baada ya jingine, bila kujionea huruma, na nimeona wapi hasa niliteleza. Redio. Watu hawakuona kitu, walisikia tu, na mtu anayesikia tu huamini lolote atakaloambiwa kesho yake. Kosa hilo sitalirudia.

Nimewapigia televisheni. Wanakuja Jumanne.